Tunachora mandala moja watu wawili kwa posta, Tanga na Dodoma. Pete zetu hazikutani, naomba msaada

Mwalimu_Tanga ameandika:

Salamu kwenu nyote. Naandika karatasi ikiwa mbele yangu mezani, nimeikandamiza kwa vikombe vinne kwenye pembe zake ili isijikunje. Nimeitazama tangu jana jioni na sijapata jibu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa nachora mandala, yaani mchoro wa pete za mapambo zinazozunguka kitovu kimoja, pamoja na rafiki yangu aliyeko Dodoma, yeye ni fundi cherehani. Tulisoma pamoja sekondari, tukapotezana, tukaja kuonana tena msibani. Usiku ule wa matanga, watu wameshalala kwenye mikeka, alinionyesha daftari lake. Limejaa maduara. Nikamwambia, ndugu yangu, na mimi nyumbani ninalo kama hilo. Yeye alianzia kwenye maua ya kutarizi vitambaa vya makochi. Mimi nilianzia kwenye makawa ya marehemu mama. Mama alikuwa akishona ukili wa rangi kuzunguka, kuzunguka, kuanzia kitovuni, na mimi mtoto nilikuwa na kazi ya kumpasia rangi inayofuata: nyekundu, kijani, zambarau. Neno mandala nilikuja kulijua ukubwani, na nilipoambiwa kuwa kwa Kisanskriti maana yake ni duara, nikaona sikuwa mbali.

Utaratibu wetu ni huu. Tuna karatasi moja ya A3. Mmoja anachora kitovu na pete ya kwanza, anaitia kwenye bahasha ya kaki katikati ya vipande viwili vya boksi, anaipeleka posta. Mwenzake anaongeza pete moja na kuirudisha. Hatutumiani picha. Mpaka karatasi ifike mkononi, hakuna WhatsApp, hakuna "nikuonyeshe kidogo tu". Ile dakika ya kufungua bahasha bila kujua mwenzako amefanya nini ndiyo inayonifanya niendelee, na siku ninayokwenda kuangalia sanduku la posta huwa nafundisha vizuri zaidi, wanafunzi wangu wanaweza kuwa mashahidi.

Tumemaliza tatu. Ya nne imenishinda, kwa mambo matatu.

La kwanza ni vipimo. Nilichora pete yenye nusu kipenyo cha sentimita 13 na nikamwandikia pembeni kwa penseli "sm 13, petali 16". Yeye akaweka bikari yake sentimita 13 sawasawa, akapita juu ya mstari wangu ili aanzie hapo. Mstari wake haukulala juu ya wangu. Upande wa kushoto na kulia umetokeza nje, juu na chini umelala vizuri. Ni kama nusu milimita tu, lakini kalamu yangu ni ya milimita 0.25, kwa hiyo jicho linaona mistari miwili. Alidhani mimi nilikosea. Mimi nikadhani yeye. Sasa karatasi imerudi Tanga na pete yake naiona kama yai. Na petali zake 16, ile ya mwisho imebanwa nyembamba kuliko zote.

La pili linaniuma zaidi. Kwenye pete ya tatu niliacha nafasi nyeupe makusudi, upana wa kidole kimoja, ili mchoro upumue. Imerudi imejazwa vitone vyeusi, mamia kwa mamia, vimepangwa kwa ustadi ambao sina. Nimehesabu petali moja tu nikakuta vitone 94. Nikikumbuka alivyoinamia kazi hiyo usiku baada ya kufunga cherehani, nashindwa kumwambia kwamba ameziba pumzi ya mchoro. Lakini ndivyo ninavyoona.

La tatu ni wino. Yeye anatumia kalamu za jeli. Kazi ilipofika, nusu ya vitone vilikuwa vimejichapa kwenye boksi.

Kuna yeyote humu aliyewahi kuchora na mtu wa mbali namna hii? Mnagawanaje kazi? Sitaki kuacha. Nataka tujue kuifanya.

---

Kijana_Dijitali:

Mwalimu, mbona msitumie tableti? Programu za kuchora zina kitufe cha ulinganifu, unachora petali moja na zile 15 zinajichora zenyewe. Faili unalituma kwa sekunde mbili.

---

Mwalimu_Tanga:

Asante mdogo wangu. Najua hizo programu, mpwa wangu anayo. Lakini mimi nataka zile 15. Kwenye petali ya kumi na moja mkono unakuwa umetulia namna ambayo kwenye ya kwanza haukuwa, na mwenzangu akiangalia anajua nilianzia wapi. Amewahi kuniambia, "Hapa ulikuwa na haraka, ulikuwa unasubiri nini?" Na kweli siku ile nilikuwa nasubiri simu kutoka hospitali. Hilo, kitufe hakiwezi kulipeleka Dodoma.

---

Mchapaji_Mstaafu:

Mwalimu, wewe hukukosea, na fundi wako wa Dodoma hakukosea. Karatasi ndiyo iliyosogea.

Nimefanya kazi ya uchapaji Dar es Salaam kwa miaka 31, na jambo hili lilitusumbua kila wiki. Karatasi ni nyuzinyuzi za miti. Zikinyonya unyevu wa hewa zinanenepa, zikikauka zinakonda. Hazirefuki sana, zinanenepa. Na kwa kuwa kiwandani nyuzi hizo hulala upande mmoja, kama mbao ilivyo na mkondo wake, karatasi hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Hewa ya Tanga ina maji, bahari iko mlangoni. Dodoma ni nchi kame, na wakati wa kiangazi hewa yake ni kavu kabisa. Duara ulilochora wewe likiwa kamili, likifika kule limeshakonda upande mmoja. Sentimita zako 13 zimekuwa pungufu kidogo kushoto na kulia, lakini juu na chini ni zilezile. Mwenzako akaweka bikari 13 kamili, akatoka nje ya mstari wako palepale ulipoona wewe. Karatasi iliporudi pwani ikanenepa tena, pete yako ikarudi kuwa duara na yake ikawa yai. Nusu milimita uliyoitaja ndiyo hasa ninayoitegemea kwa duara la ukubwa huo.

Sisi tulipokuwa na mashine ya rangi moja, bango la rangi nne lilipita mashineni mara nne. Ukichapa njano asubuhi, mvua ikanyesha mchana, ukachapa nyekundu jioni, nyekundu haiketi juu ya njano. Midomo ya mtu kwenye tangazo inahamia shavuni. Dawa yetu ilikuwa alama za rejista, vijimsalaba vidogo pembeni mwa karatasi, nje ya picha. Ukiona misalaba haikutani, unajua karatasi imetembea kiasi gani na upande upi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chora misalaba minne kwenye pembe, nje ya mandala, kwa kalamu nyembamba kuliko zote ulizonazo. Andika umbali kati yake siku ulipochora. Mwenzako akipokea, asiguse kitu. Aitoe karatasi kwenye bahasha, ailaze mezani mchana na usiku mmoja ipate hewa ya kwao, kisha apime misalaba. Atajua imesogea wapi. Na jambo kubwa kuliko yote: asifuate namba uliyoandika, afuate mstari uliopo. Bikari ifunguliwe mpaka iguse mstari wako wenyewe, siyo mpaka isome 13 kwenye rula. Mahali ambapo duara limekuwa yai kidogo, mkono ufuate yai. Ikirudi Tanga vyote viwili vitanenepa pamoja.

Kujua nyuzi zimelala upande gani ni rahisi. Kata kipande kidogo cha karatasi hiyohiyo, weka alama juu iko wapi, lowanisha uso mmoja. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo limelala sambamba na nyuzi. Ukikosa maji, chana: kufuata nyuzi inachanika moja kwa moja, kukata nyuzi inachanika kwa kupindapinda.

Usidanganywe kwamba karatasi nene inaondoa tatizo hili. Nene inajikunja kidogo, lakini inatanuka vilevile.

---

Mwalimu_Tanga:

Shikamoo mzee wangu. Nimekata kipande, nimelowanisha, kimejikunja sawasawa kama ulivyosema, na upande uliotokeza nje ndio huohuo wa upana wa nyuzi. Nimekaa chini. Miezi miwili tumekuwa tukioneana haya kwa jambo ambalo ni la hewa tu. Nimempigia simu papo hapo. Alinyamaza kwanza, kisha akasema hata kitambaa cha pamba lazima akiloweke kabla ya kukikata kisije kikamrudi baada ya kufuliwa, iweje hakufikiria karatasi. Nakushukuru mno.

---

Mchapaji_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Huyo ni fundi wa kweli, mshikilie.

---

Fundi_wa_Nakshi (Lamu):

Kuhusu ile petali ya kumi na sita iliyobanwa, hapo mzee wa uchapaji hana lawama ya kuitwisha hewa. Hiyo ni protrakta. Petali 16 ni pembe ya nyuzi 22.5 kila moja, na protrakta ya mkebe wa shule haina mstari wa nusu, mtu anakisia. Ukikosea nusu nyuzi kwenye nusu kipenyo cha sentimita 13, umekosea milimita moja na ushee. Haionekani. Lakini ukipima moja, ukaanzia hapo kupima ya pili, ukaendelea hivyo hadi ya mwisho, kosa lile limebebwa mara 16: nyuzi 8, karibu sentimita mbili. Petali ya mwisho ndiyo inayolipa deni lote.

Sisi tunaochonga maua ya duara kwenye milango hatupimi nyuzi hata kidogo. Piga mstari mmoja upite kitovuni. Kwa bikari, toka ncha zake mbili, kata matao yakutane juu na chini: umepata mstari wa pili uliosimama. Una robo nne. Gawa kila robo katikati kwa bikari, una nane. Gawa tena, una kumi na sita. Kosa haliwezi kusafiri kwa sababu kila mgao unaanza upya. Kwa petali 6 au 12 ni rahisi zaidi, maana nusu kipenyo chenyewe hutembea juu ya duara mara sita kamili.

Na lindeni kitovu. Bikari mbili za watu wawili zikichomeka tundu moja, tundu linapanuka na kila pete inakuwa na kitovu chake. Bandika kijipande cha manila juu ya kitovu kwa gundi ya karatasi inayobanduka, chomeni hapo. Mkimaliza mnakitoa.

---

MamaPiko_Kisauni:

Dada yangu wa Tanga, salaam kutoka Mombasa. Hao mabwana wamekujibu ya bikari na wamejibu vyema. Mimi nataka kusema na wewe habari ya vile vitone.

Mimi napaka hina na piko maharusi, huu mwaka wa ishirini na mbili. Harusi kubwa huwa sifanyi peke yangu, twafanya wawili, na mara nyingine watatu. Bi harusi hana saa kumi za kukaa. Zamani nilipoanza, mimi nilichukua mkono wa kulia, mwenzangu mkono wa kushoto. Ikawa balaa. Mkono mmoja una maua makubwa yenye nafasi, mwingine umejaa vijani vidogo vidogo kama mchwa. Kila mkono ukiutazama peke yake ni mzuri. Biarusi akiweka viganja pamoja, ni watu wawili waliogombana. Mama mtu alinyamaza, lakini niliona uso wake.

Toka siku hiyo twagawana kwa kazi, hatugawani kwa upande. Mimi natia shina na maua makubwa, mikono yote miwili. Yeye apita nyuma yangu kujaza majani na vitone, mikono yote miwili. Wembamba wangu uko kote, ujazo wake uko kote. Hapo mikono yafanana, na tena mtu mwenye jicho ajua kuwa wamepita mafundi wawili.

Basi kwa mandala yenu, msigawane vipande kama vipande vya tikiti. Gawaneni pete, kama mnavyofanya, na mpo kwenye njia. Pete nzima ikiwa ya mtu mmoja, ulinganifu wake haupotei, mikono miwili yaonekana kama mwendo wa ngoma, huyu apiga, yule aitikia. Lakini kwenye kila pete semeni nani atia mistari na nani atia ujazo. Na pale pa kuacha wazi, paandike! Weupe kwako ni kitu ulichokichora, kwake yeye ni mahali ambapo hujafika bado. Amekuona umechoka akakusaidia. Hivyo ndivyo nilivyosoma mimi hayo maneno yako ya vitone 94. Fundi wa kutarizi akiona kitambaa kitupu, aona kazi.

Sisi kwenye mkono wa biarusi, pa kuacha wazi twatia alama ya unga kwa kidole. Nyinyi tieni penseli, duara dogo lenye mkato ndani, maana yake "hapa pameshakwisha". Mkubaliane alama, si kila mara barua.

Na mwambie. Usimwambie "umeharibu". Mwambie ulichokuwa ukitaka weupe ule ufanye. Mimi mwenzangu nilimficha miaka mitatu kuwa napenda viganja viwe na nafasi, akaja kujua kwa mteja. Alilia, na alikuwa na haki.

---

Baharia_Maskati:

Nimeusoma uzi wote, naongeza ya posta, kwa kuwa mimi niko Maskati na dada yangu yuko Pemba na tunafanya hivihivi kwa vichoro vidogo.

Mwalimu, punguza karatasi. Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Bern mwaka 1874, una vipimo vyake vya barua. Barua ndogo ya kawaida mwisho ni milimita 165 kwa 245, unene milimita 5, uzito gramu 100. Barua kubwa bapa mwisho ni milimita 305 kwa 381, unene 20, gramu 500. A3 ni milimita 297 kwa 420, inavuka. Ukiituma bila kuikunja umeshatoka kwenye ngazi ya barua bapa, na bahasha iliyozidi kipimo ndiyo inayopindwa pembeni ili iingie kwenye mfuko na wenzake. Nyinyi mpo ndani ya nchi moja, kaulizeni dirishani kwenu bei zinavyopangwa, lakini ukikata karatasi iwe mraba wa sentimita 28, duara lako la sentimita 26 linaenea, misalaba ya mzee inabaki na nafasi yake kwenye pembe, na bahasha inalala bapa.

Mimi na dada tunatumia A5 ndani ya barua ndogo, na tunazungusha karatasi mbili kwa wakati mmoja. Hili nalisisitiza. Mimi naanzisha moja, yeye anaanzisha moja, tunazituma wiki moja, zinapishana njiani. Hakuna anayekaa bure akisubiri, na lile swali la nani mwenye kitovu linakwisha, maana kila mmoja ana kitovu chake na kila mmoja anamaliza cha mwenzake. Mwisho mimi nabaki na moja, yeye na moja.

Msidhani jambo hili ni la ajabu. New York kulikuwa na msanii Ray Johnson, alizaliwa 1927 akafariki 1995, yeye alifanya posta yenyewe kuwa sanaa. Alimtumia mtu mchoro ukiwa na maagizo: ongeza, kisha urudishe. Watu wakaongeza, wakarudisha, wengine wakampelekea mtu wa tatu. Na watawa wa Kibudha wa Tibeti wanapotengeneza mandala ya mchanga wa rangi, kwa kawaida wanakaa wanne, kila mmoja na robo yake, wanaanzia kitovuni kwenda nje. Hapo nakubaliana na Mama Piko: wao wanaweza kugawana vipande kwa sababu mchoro wameusoma miaka mingi kwa kanuni moja na wanaonana usoni. Mtu wa Tanga na mtu wa Dodoma hawaonani. Na tukumbuke kwamba kwa wale watawa ile ni ibada. Wakimaliza wanaufagia mchanga wote na kuumwaga kwenye maji yanayotiririka. Mimi huandika nyuma ya karatasi yangu tumejifunza kwa nani.

Wino: kalamu za jeli hazikauki vizuri kwenye hewa yenye unyevu, na boksi linazifuta. Tafuteni kalamu zenye wino wa pigmenti usioyeyuka kwa maji, zile zinazoandikwa unene wa ncha kwa namba 01, 03, 05. Juu ya mchoro weka karatasi laini ya kuokea mikate, siyo boksi tupu. Nje, mfuko wa plastiki uliofungwa. Na kabla ya kutuma, piga picha. Najua mna mwiko wa picha na naupenda, kwa hiyo piga ubaki nayo, usimtumie. Bahasha yetu moja haikufika hadi leo. Pete tano. Sina hata picha ya kumbukumbu, nimebaki kumsimulia mke wangu ilivyokuwa.

---

Kijana_Dijitali:

Nimejifunza kitu. Swali moja: watu hawatumi tu kwa basi? Tanga hadi Dodoma kifurushi kinafika siku hiyohiyo.

---

Mwalimu_Tanga:

Tuliwahi, mandala ya pili. Ilifika siku hiyohiyo kweli, ila ilisafiri chini ya gunia la viazi na ina mkunjo mpaka leo. Na tena tulikosa zile siku za kusubiri, bahasha ilifika kabla sijaanza kuiwaza. Tumerudi posta.

Nawashukuru wote, mmoja mmoja. Mama Piko, maneno yako nimeyasoma mara tatu. "Mahali ambapo hujafika bado." Sikuwa nimeliona hivyo kabisa. Nitamwandikia barua leo, siyo simu, niiweke ndani ya bahasha.

---

Mwalimu_Tanga (wiki saba baadaye):

Nimeona niwarudishie habari, maana mlinisaidia kwa moyo.

Barua niliandika kurasa mbili. Nilimweleza habari za kawa la mama, kwamba kati ya nyekundu na kijani aliacha mzunguko mmoja wa ukili usiotiwa rangi, mweupe wa mwaa wenyewe, na alisema huo ndio unaofanya zile nyingine zionekane. Nikamwambia weupe wangu ulitoka huko na kwamba sikuwahi kumweleza. Nikamwambia pia kwamba vitone vyake visifutwe.

Akajibu kwa karatasi yenyewe. Vile vitone hakuvifuta, isingewezekana. Alichofanya, pete ya nne, iliyokuwa zamu yake kuijaza, ameiacha tupu yote. Upana wa vidole viwili. Kwenye ukingo wake wa ndani ameweka mstari mmoja mwembamba tu, wa kalamu mpya ya 01, na kila penye petali ametia kile kiduara cha penseli chenye mkato. Mara kumi na sita: hapa pameshakwisha. Sasa ule weusi wa pete ya tatu umepata mahali pa kutulia, na nakiri kwenu kuwa mchoro ni mzuri kuliko ule niliokuwa nao kichwani.

Wakati huohuo tumeanza mbili mpya za mraba wa sentimita 28, zilipishana njiani kama alivyosema Baharia. Misalaba imewekwa. Niliyoipokea kutoka kwake ilikuwa na milimita 240 kati ya msalaba na msalaba siku alipochora Dodoma. Nimeilaza mezani usiku mmoja na kupima: upande mmoja 240, upande wa pili 241. Mzee wangu mchapaji, nilicheka peke yangu sebuleni kwa furaha.

Kitovu chake ni ua la petali nane, amegawa kwa bikari bila protrakta, na juu ya tundu kuna kijipande cha manila. Nyuma ameandika kwa penseli tarehe, jina la mji wake, na chini yake ameacha mistari mitupu ya tarehe zitakazofuata. Pete ya pili ni zamu yangu. Tumekubaliana mimi ndiye wa ujazo safari hii na yeye ndiye wa mistari, tuone. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, nimeiacha juu ya kabati chini ya kitabu. Ikikatika kesho nitaiweka mezani tena, nipime misalaba upya, ndipo nifungue bikari.